Umeme wa ardhini hupima maji, haupimi siku ya tetemeko

Tetemeko la ukubwa wa 8.8 lilipoipiga rasi ya Kamchatka, Urusi, mwishoni mwa Julai 2025, swali lililofuata lilikuwa lile lile la siku zote: mbona watu hawakuambiwa mapema? Jibu linalotolewa haraka siku hizi, hata na wasomi, ni kwamba dawa iko njiani. Wataalamu wanafunga mitambo ya kupima umeme wa ardhini mahali ambapo bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine, na siku umeme huo ukibadilika, onyo litatolewa. Hapa Dodoma hoja hiyo haikosi wa kuisikiliza. Mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa unaishia kwetu, ardhi hututikisa mara kwa mara, na makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yako hapa hapa mjini. Lakini jibu hilo limeuchukua utafiti wa kweli na kuupa kazi usiyoiweza. Ufuatiliaji wa upitishaji wa umeme ardhini ni kipimo cha maji: yako wapi, yana chumvi kiasi gani, nyufa yaliyomo zimeungana au hazijaungana. Unaweza kutuonyesha sehemu ya mpaka wa mabamba iliyokwama na ile inayoteleza. Kutaja wiki ya tetemeko hauwezi, na sababu zake zinaweza kuandikwa kwa hesabu ya darasani.

Tuanze na maji yenyewe. Bamba la bahari linapozama hubeba mashapo yaliyolowa na madini yaliyofunga maji ndani ya muundo wake. Kadiri linavyoshuka na kupata joto na mgandamizo, maji hayo hukamuliwa na kupanda. Yakinaswa kwenye mpaka wa mabamba, shinikizo lake hupunguza msuguano. Mwamba mkavu wa granaiti una ukinzani, yaani uwezo wa kuuzuia umeme, wa maelfu ya omu mita, maji ya bahari yana kama 0.3 tu. Kwa hiyo asilimia chache za maji ya chumvi, zikiwa zimeunganika ndani ya nyufa, zinatosha kuushusha ukinzani wa mwamba mzima mara mia na zaidi. Tangu mwaka 1942 kuna kanuni ya Archie inayosema ukinzani hupungua, kwa kukadiria, kwa kipeo cha pili cha nafasi zilizojaa maji. Wapima maji wa Dodoma wanaijua kanuni hiyo kwa vitendo, hata kama hawaitaji jina. Ndiyo wanayoifuata wanapopanga elektrodi nne, yaani vijiti vya kupitishia umeme ardhini, kwenye mstari, kupanua nafasi hatua kwa hatua, na kutafuta mahali ambapo granaiti imeoza au imepasuka. Wanajua pia mtego wake. Ukinzani mdogo unaweza kuwa maji, unaweza kuwa udongo wa mfinyanzi, na unaweza kuwa maji ya chumvi yasiyonyweka. Mtego huo huo upo chini ya bahari, ambako mfinyanzi na grafiti hupitisha umeme bila kuhitaji maji mengi.

Kwa kina cha kilomita 15 betri na elektrodi nne hazifiki. Hapo hutumika njia ya magnetoteluriki, iliyowekewa misingi na Tikhonov mwaka 1950 na Cagniard mwaka 1953. Mtambo wake hautumi umeme wowote. Unasikiliza mabadiliko ya asili ya usumaku wa dunia, yanayotokana na radi za mbali na upepo wa jua, pamoja na mikondo midogo ya umeme ambayo mabadiliko hayo huizusha ardhini. Uwiano wa nguvu ya umeme kwa nguvu ya usumaku, katika kila kipindi cha wimbi, yaani muda wa wimbi moja kukamilika, hutoa ukinzani. Kina kinakadiriwa hivi: zidisha ukinzani kwa omu mita na kipindi kwa sekunde, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya kwa mbili upate kilomita. Kwenye mwamba wa omu mita 10, wimbi la sekunde 100 hufika karibu kilomita 16. Kwenye mwamba wa omu mita 5,000, kama granaiti safi ya katikati ya Tanzania, wimbi la sehemu moja ya kumi ya sekunde hufika kilomita 11. Hesabu hii fupi ndiyo itakayotuamulia mengi huko mbele.

Njia hii imekwisha kujilipa katika kuchora ramani. Huko Hikurangi, pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi, bamba la Pasifiki linazama chini ya lile la Australia. Vipimo vya nchi kavu vimeonyesha kwamba sehemu za mpaka zenye ukinzani mkubwa ndizo zilizokwama, na zile zinazopitisha umeme vizuri ndizo zinazoteleza. Vipimo vilivyofanywa sakafuni mwa bahari, ambavyo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, vilionyesha kwamba milima ya chini ya bahari inayozama na bamba hubeba maji mengi na kuupasua mwamba ulio juu yake. Costa Rica na Nikaragua nako njia ya maji kutoka handakini, pale bamba linapoanza kuzama sakafuni mwa bahari, hadi chini ya volkano imefuatiliwa kwa umeme. Hata hivyo hii yote ni picha ya wakati mmoja. Ufuatiliaji ni kitu kingine: kituo kinabaki pale pale miaka, kinapima kila sekunde, na mtafiti anatafuta tofauti kati ya mwezi huu na uliopita. Wasemaji wengi huruka kutoka picha hadi ufuatiliaji kana kwamba ni kazi moja iliyorudiwa.

Hoja ya wanaotegemea ufuatiliaji si ya kipuuzi, na inastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote. Pwani ya Gisborne, Nyuzilandi, kila baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi, mpaka wa mabamba huteleza polepole kwa siku na wiki bila mtikisiko unaosikika. Mwaka 2014 vihisi vya mgandamizo vilivyowekwa sakafuni mwa bahari viliona sakafu ikinyanyuka sentimita kadhaa katika mtelezo mmoja. Matetemeko madogo yaliyopimwa kabla na baada ya mitelezo ya aina hiyo yanaashiria kwamba shinikizo la maji hupanda taratibu, kisha huachiliwa, mfano wa kifuniko cha sufuria kinachonyanyuliwa na mvuke. Kama ni hivyo, upitishaji wa umeme nao unapaswa kupanda na kushuka kwa mzunguko huo huo. Ushahidi kwamba mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kuonekana upo. Mwaka 2011 huko Paralana, kusini mwa Australia, zaidi ya mita za ujazo 3,000 za maji zilisukumwa kwenye kisima cha jotoardhi chenye kina cha zaidi ya kilomita tatu na nusu, na vituo vya magnetoteluriki vilivyokuwa juu viliona mabadiliko. Yalikuwa madogo, yakizidi kosa la kipimo kwa kiasi tu, lakini yalionekana.

Basi tupige hesabu ya Hikurangi. Chukua tabaka la mpaka lenye unene wa kilomita moja na ukinzani wa omu mita 10, likiwa na nafasi za maji za asilimia 3. Maji yakiongezeka hadi asilimia 3.3, ambalo ni ongezeko kubwa kwa tabaka zima, ukinzani wake unashuka kwa asilimia 17. Inavutia. Lakini kituo cha juu hakilioni tabaka hilo peke yake. Upitishaji wa jumla wa tabaka ni unene ukigawanywa kwa ukinzani: mita 1,000 kwa 10 ni simensi 100, na baada ya maji kuongezeka ni 121. Juu yake kuna kilomita 14 za mashapo na miamba. Tukiwapa wastani wa omu mita 20, ni simensi 700. Ongezeko la simensi 21 ndani ya 800 ni chini ya asilimia 3. Hapo tuko nchi kavu. Kituo kikiwa sakafuni mwa bahari, chini ya kilomita tatu za maji, bahari pekee ni simensi 10,000, na inafyonza mawimbi mafupi kabla hayajafika chini.

Asilimia 3 inapimika, ila kwa muda. Tuseme tunahitaji mawimbi ya sekunde 100, na kila dirisha la hesabu linabeba mizunguko kumi, yaani sekunde 1,000. Siku moja inatoa madirisha 86. Kelele, yaani umeme usiotakiwa, ikiwa na nguvu sawa na ishara, kosa la uwiano ni karibu asilimia 11. Kulishusha hadi asilimia 1 kunahitaji madirisha 10,000, sawa na siku 116. Na kwa kuwa ukinzani unatokana na kipeo cha pili cha uwiano huo, kosa la asilimia 1 linakuwa 2. Kwa lugha nyingine, ili tuseme kwa uhakika wa wastani kwamba maji yameongezeka, tunahitaji miezi minne ya kumbukumbu safi, wakati mtelezo tunaoutafuta umechukua wiki mbili. Vituo vingi pamoja vinafupisha muda huo, na zana bora zinausogeza zaidi. Hakuna namna, hata hivyo, ya kuubadilisha kuwa onyo la siku tatu.

Na hiyo ni kumbukumbu safi, ambayo ndiyo adimu kuliko yote. Kituo kamili kina njia tano: nyaya mbili za umeme, moja kaskazini–kusini na nyingine mashariki–magharibi, kila moja mita 50 hadi 100, na koili tatu za usumaku, mbili za mlalo na moja ya wima. Nguvu ya umeme inayopimwa mara nyingi ni milivolti moja kwa kilomita au pungufu, na kwenye waya wa mita 100 hiyo ni mikrovolti 100. Kwa ishara ndogo hivyo nondo ya chuma haifai, maana yenyewe hutengeneza volti ikikutana na unyevu. Hutumika elektrodi za metali ya risasi na kloridi yake, zilizofukiwa angalau nusu mita kwenye tope la bentonaiti, aina ya mfinyanzi, na maji ya chumvi. Tope likikauka, mgusano unapotea na namba zinaanza kutembea zenyewe. Kwa kiangazi cha Dodoma, cha Mei hadi Novemba, nusu mita haitoshi, ni afadhali mita moja na kurudi kulowesha. Waya ukiachwa juu ya nyasi, upepo huutikisa ndani ya usumaku wa dunia na kuuzalishia umeme wa uongo. Ufukiwe sentimita 10 hadi 20, ambako pia mbuzi na panya wataupata kwa shida. Waya uliobaki usikunjwe duara, kwa sababu duara ni koili, utandazwe kwa kupindapinda. Koili za usumaku nazo zifukiwe, zipimwe kwa pimamaji, zikae mbali na miti mikubwa ambayo mizizi yake hutikisika, na mbali na njia ya bodaboda.

Mvua ni adui wa aina yake. Udongo wa juu ukilowa, umeme karibu na elektrodi hubadilika na ukinzani unaokokotolewa husogea juu au chini kwa kiasi kile kile katika vipindi vyote, hata vile vinavyofika kilomita 30. Asiyejua atatangaza kwamba mpaka wa mabamba umejaa maji, kumbe ni masika. Kinga ipo: fezi, yaani kuchelewa kwa wimbi la umeme dhidi ya lile la usumaku, haisogezwi na kasoro hiyo ya juu. Mwaka 2004 Caldwell, Bibby na Brown, watafiti wa Nyuzilandi, walichapisha njia ya tensa ya fezi inayoutenga usumbufu wa karibu na uso wa ardhi. Kwa mtu anayepitia ripoti ya ufuatiliaji, hapa ndipo pa kutazama kwanza. Ukinzani umebadilika na fezi haikutikisika? Basi kilichobadilika ni udongo wa juu.

Kelele ya binadamu ni mbaya zaidi, na Japani inatupa mfano mzuri. Kituo cha usumaku cha Kakioka kinalindwa kiasi kwamba reli zilizo jirani nacho hutumia umeme wa kupishana, unaogeuza mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, badala ya ule wa mkondo mmoja, unaokwenda upande mmoja tu. Treni za njia ya Joban hubadilisha aina ya umeme zikiwa mwendoni kati ya Toride na Fujishiro. Sababu ni kwamba mkondo mmoja unaovuja relini huchafua vipindi virefu vyote, ilhali ule wa kupishana hukaa kwenye masafa yake na kuacha sehemu kubwa ya mawimbi salama. SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inatumia kilovolti 25 za kupishana, hezi 50. Kwa wapimaji hiyo ni bahati, ila bahati nusu. Kwenye mashapo ya omu mita 10 usumbufu wa hezi 50 hupungua hadi theluthi ndani ya mita 220 hivi. Kwenye granaiti ya omu mita 5,000 unasafiri kilomita tano kabla ya kupungua kiasi hicho. Ukinzani mkubwa wa miamba yetu unaobeba ishara hadi kina kirefu unabeba na uchafu hadi mbali. Tangu mwaka 1979 dawa kuu ni kituo cha rejea: seti ya pili ya koili, makumi ya kilomita kutoka ya kwanza, siku hizi zikiwa zimeunganishwa kwa saa za GPS. Kilichosikika pande zote mbili ni cha asili, kilichosikika upande mmoja ni cha kutupwa. Mradi wa ufuatiliaji usio na kituo cha rejea hauna haja ya kujadiliwa.

Sasa ile hoja dhaifu kuliko zote: kwamba ishara za umeme zimekwisha kuonekana kabla ya matetemeko, hivyo kinachokosekana ni fedha tu. Ugiriki, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Varotsos na wenzake walidai kutabiri kwa volti za ardhini, na mabishano kuhusu takwimu zao hayajaisha mpaka leo. Mfano unaonukuliwa zaidi ni wa California, Oktoba 1989, pale koili moja huko Corralitos ilipoonyesha kupanda kwa usumaku kabla ya tetemeko la Loma Prieta la 6.9. Kwa miaka ishirini mfano huo ulitajwa kama uthibitisho. Mwaka 2009 kumbukumbu zilirudiwa kwa kulinganishwa na vituo vingine, na ikaonekana kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni hitilafu ya mtambo wenyewe. Koili moja, kituo kimoja, hakuna rejea: makosa yale yale. Parkfield, California hiyo hiyo, mitambo ilikuwa tayari, imesimikwa na kusubiri miaka mingi. Tetemeko la 6.0 lilipotokea tarehe 28 Septemba 2004, hakuna dalili ya umeme ya kuaminika iliyotangulia. China ina hoja nzito kidogo. Baada ya tetemeko la Xingtai la 1966 ilianza kujenga vituo vya kupima ukinzani, na kabla ya Tangshan, Julai 1976, baadhi vilirekodi kushuka kwake. Lakini kushuka huko kulieleweka baada ya mji kuanguka. Kipimo kinachosomeka vizuri siku ya pili hakimsaidii mtu aliyelala usiku wa kwanza, na vipimo vinavyoshuka bila tetemeko kufuata havina anayevikumbuka.

Kinyume chake kuna wanaosema kwamba kama hakitabiri, kipimo hiki ni anasa. Nao wanakosea. Kujua kwamba kilomita 100 za mpaka zimekwama na 100 zinazofuata zinateleza kunabadilisha makadirio ya ukubwa wa tetemeko linalowezekana, na makadirio hayo ndiyo yanayoingia kwenye viwango vya ujenzi na ramani za tsunami. Tsunami ya Sumatra ya Desemba 2004 iliua watu hata pwani ya Tanzania, kwa hiyo mpaka wa mabamba ulio ng'ambo ya bahari si jambo la wengine. Ila faida hiyo inatokana na miaka ya subira, ikichanganywa na GPS na vipimo vya mitetemo. Mtu aliyeahidiwa king'ora ataiona hasara tupu, na fedha zitakatwa mwaka wa tatu, kabla kumbukumbu haijafikia urefu wa mzunguko mmoja na nusu wa mtelezo.

Kwetu Dodoma, bamba halizami popote chini yetu. Ukanda wa Usagara, kusini mashariki mwa mkoa, una miamba ya eklojaiti, iliyoundwa kwa mgandamizo mkubwa wa kina kirefu, inayoonyesha kwamba bamba lilizama huko yapata miaka bilioni mbili iliyopita, na kazi hiyo ilikwisha. Matetemeko yetu ni ya Bonde la Ufa, la mwamba kuvutwa, na nyufa zake ni nyembamba. Hesabu inatupendelea kwa upande mmoja: wimbi la sehemu moja ya kumi ya sekunde linafika kilomita 11, na siku moja ina mawimbi 864,000 ya namna hiyo, kwa hiyo takwimu zinazohitaji miezi kule Hikurangi hapa zingekamilika haraka zaidi. Upande wa pili unatunyima. Vipindi vinavyoikaribia sekunde moja ndivyo ambavyo ishara ya asili huwa hafifu kabisa, na ufa mwembamba wenye maji ndani ya granaiti kubwa hauachi alama kubwa juu. Anayependekeza kununua mtambo wa kutabiri matetemeko ya Dodoma kwa umeme aonyeshe kwanza karatasi yenye kina, kipindi, upana wa ufa, na kosa la kipimo.

Kinachofaa kugharimiwa ni cha kawaida zaidi. Vituo vya mitetemo vya kutosha kuzunguka nyufa za Bahi, Manyoni na Kondoa vitangulie, pamoja na ukaguzi wa majengo yanayoota kwa kasi mjini. Baada ya hapo, kituo kimoja cha kudumu cha magnetoteluriki, mbali na SGR kwa kilomita 20 au zaidi, kikiwa na mwenzake wa rejea. Kituo hicho kitawafaa wanaopima jotoardhi huko Mbeya na Songwe, ambao nao wanahitaji rejea. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma watajifunzia ufuatiliaji mahali ambapo maji yanapanda na kushuka kweli kila mwaka, yaani Makutupora, ambako visima vinavyonywesha mji vina kina cha maji kinachoweza kupimwa kwa kamba. Pale mtu ataweza kulinganisha badiliko la ukinzani na badiliko halisi la maji, mwezi kwa mwezi, jambo ambalo hakuna mtafiti wa mpaka wa mabamba anayeweza kulifanya kwa kina cha kilomita 15. Data ghafi zihifadhiwe zote, kila njia, kila sekunde, pamoja na daftari la nani alilowesha elektrodi na lini.